Zamrock Haikugunduliwa: Ilikuwa na Wenyewe Tangu Mwanzo

Oktoba 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alitoa albamu yake ya Chromakopia, na ndani yake umo wimbo wa "Noid" uliojengwa juu ya gitaa na sauti zilizochukuliwa kutoka kwenye wimbo wa "Nizakupanga Ngozi", ambao bendi ya Ngozi Family ya Zambia iliutoa mwaka 1977. Tangu hapo vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Lusaka wamekuwa wakitafuta chanzo cha sauti ile, na kila makala ninayoisoma kuhusu jambo hili inarudia neno moja: bendi hizi "zimegunduliwa". Nalipinga neno hilo. Bendi za roki za Zambia za miaka ya 1970, yaani muziki ulioitwa Zamrock, hazikuwahi kuwa siri. Zilikuwa na mashabiki, zilijaza kumbi, zilipigwa redioni na wanamuziki wake walitambuliwa mitaani. Kilichozinyima heshima waliyoipata wenzao wa Uingereza na Marekani hakikuwa upungufu wa kipaji wala wa wasikilizaji. Uchumi ulioporomoka, mipaka iliyofungwa na maradhi yaliyoua kizazi kizima viliondoa mazingira ambayo santuri huyahitaji ili iendelee kuishi baada ya msimu wake. Tukikosea kuueleza ugonjwa, tiba nayo tutaikosea, na dalili za kosa hilo zimeshaanza kuonekana.

Tuanze na mahali penyewe. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ikiwa na mali moja kubwa kuliko zote: shaba. Miji ya Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya ilikuwa imekua kuzunguka migodi, na migodi ilikuwa na mambo mawili ambayo muziki wa bendi hauwezi kuishi bila hayo, yaani mshahara wa kila mwezi na kumbi za starehe za wafanyakazi. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za migodi, na kwa miaka michache fedha za shaba zikajenga shule, hospitali na barabara. Kijana wa Kitwe wa wakati ule aliweza kuisikia redio ya kigeni, kuona santuri za Jimi Hendrix na James Brown dukani, na kumwona mtu wa mtaani kwao akiwa na gitaa la umeme. Kaunda mwenyewe alipiga gitaa na kuimba hadharani, na baadaye akatoa agizo, ambalo wanamuziki wa enzi ile wanalitaja mpaka leo, kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Vijana waliokuwa wamezoea kupiga nyimbo za wengine wakajikuta wana redio nzima inayohitaji nyimbo zao wenyewe.

Ndipo ilipotokea WITCH, bendi ambayo herufi za jina lake zilibeba maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuleta ghasia. Mwimbaji wake, Emanyeo Chanda, aliitwa Jagari, na jina hilo ni Jagger, mwimbaji wa bendi ya Uingereza ya Rolling Stones, aliyepewa matamshi ya Kibantu. Albamu yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwaka 1972, na kwa kawaida inahesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara kurekodiwa na kutolewa Zambia. Zikafuata In the Past, Lazy Bones!! ya mwaka 1975, Lukombo Vibes na nyinginezo, albamu tano ndani ya miaka mitano au sita. Amanaz walitoa Africa mwaka 1975. Rikki Ililonga na bendi ya Musi-O-Tunya walihamia Nairobi kwa muda na kurekodi huko, jambo ambalo Wakenya wachache wanalijua ingawa ni sehemu ya historia ya studio zao. Naye Paul Ngozi, kiongozi wa Ngozi Family, alipiga gitaa zito kuliko wote, huku akiimba kuhusu ulevi, ugomvi wa nyumbani na uvivu, mambo ambayo mtu wa kota za migodini aliyafahamu kwa majina na nyuso. Mswahili asikiapo jina Ngozi hufikiria ngozi ya mwili, lakini kwa Kinyanja neno hilo ni hatari au ajali, na mtu akishalijua hilo hulisikia gitaa lile kwa namna nyingine kabisa.

Ningependa msomaji asikilize jambo moja kwa makini kabla hatujafika kwenye hoja. Albamu ya Africa ya Amanaz ipo katika michanganyo miwili. Katika mmoja sauti ni kavu na ziko karibu, kama kwamba umeketi chumba kimoja na wapigaji. Katika mwingine sauti zimetiwa mwangwi mwingi, gitaa linaonekana kutoka mbali na mwimbaji anazama ndani ya ukungu. Nyimbo ni zilezile na wapigaji ni walewale, ila mtu aliyekaa mezani studioni aliamua mara mbili, kwa namna mbili, jinsi huzuni ile inavyopaswa kusikika. Watu wanaobahatisha hawafanyi kazi hivyo. Hao ni watu waliokuwa wakitafuta sauti yao kwa uangalifu, wakiwa na vifaa vichache, na naamini mchanganyo wa mwangwi ni mojawapo ya rekodi nzuri zaidi zilizotoka barani Afrika katika muongo ule.

Sasa, mbona zilipotea? Jibu linalotolewa haraka, na ambalo nalisikia hata kwa watu wenye elimu kubwa ya muziki, ni kwamba bendi hizi ziliiga. Wanasema Zamrock ilikuwa roki ya Wazungu iliyopigwa na Waafrika, na dunia ikiwa na ya asili haihitaji nakala. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Rolling Stones wenyewe walichukua jina lao kutoka kwenye wimbo wa Muddy Waters, mwana wa Mississippi, na albamu zao za mwanzo zimejaa nyimbo za Wamarekani weusi. Hakuna anayewaondoa kwenye historia kwa sababu hiyo. Karibu zaidi na kwetu, Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba, akachukua mapigo yaliyoletwa na santuri za Kuba, akayatia Kiswahili chake na akili yake, na leo hakuna Mtanzania anayethubutu kusema kwamba nyimbo zake ni nakala. Rumba yote tunayoiita yetu, kuanzia Léopoldville (Kinshasa ya leo) hadi Dar es Salaam, ilivuka bahari mara mbili. Kwa nini basi kuazima kutoka Havana kuwe utajiri, na kuazima kutoka London kuwe utumwa? Isitoshe, ukizisikiliza albamu za WITCH kwa mfuatano wa miaka utasikia mapigo ya ngoma za nyumbani yakizidi kujitokeza, hadi kufikia Lukombo Vibes ambako gitaa halikumbuki tena mtu wa Uingereza.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na sina budi kuikubali kwa sehemu. Inasema kwamba Wazambia wenyewe waliuacha muziki huu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 vijana walitaka disko, na wengine walirudi kwenye kalindula, muziki wenye asili ya vijijini ambao Paul Ngozi mwenyewe aliusogelea. Ni kweli. Vilevile ni kweli kwamba si kila santuri ya Zamrock ni nzuri. Nyingine zilirekodiwa kwa haraka, magitaa hayakuwekwa sawa, na maneno ya Kiingereza yaliandikwa na watu waliokuwa huru zaidi katika Kibemba. Mtu anayesifu kila kitu kwa kuwa ni cha zamani na adimu hawatendei haki wanamuziki hao, kwa sababu anawanyima hata heshima ya kupimwa. Lakini kubadilika kwa ladha ya watu hakuwezi kueleza kutoweka kabisa. Waingereza nao waliiacha roki ya 1968 wakaenda kwenye disko. The Zombies walivunjika kabla albamu yao ya Odessey and Oracle ya mwaka huo haijapata wasikilizaji wake, na Big Star wa Memphis walitoa #1 Record mwaka 1972 huku usambazaji wa kampuni yao ukiwa mbovu kiasi kwamba mtu aliyeisikia redioni hakuipata dukani. Bendi zote hizo mbili zilidharauliwa zikiwa hai. Hata hivyo kanda mama zao zilibaki kabatini, mikataba yao ilibaki ofisini, na maduka ya santuri kuukuu yalikuwepo ambamo kijana wa miaka ya 1980 angeweza kuzikuta kwa bei ya chakula cha mchana. Mwaka 2019 The Zombies waliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll wakiwa wazee, lakini baadhi yao wakiwa hai kuipokea heshima hiyo. Kwa hiyo kinachotofautisha Memphis na Kitwe ni rafu, kabati na ofisi, pamoja na watu wa kuvitunza.

Zambia vyote hivyo viliondoka karibu kwa pamoja. Januari 1973 mpaka na Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ulifungwa, na nchi isiyo na bahari ikapoteza njia yake kuu ya kusini. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa bado inajengwa na ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Bei ya mafuta ikapanda, kisha mwaka 1975 bei ya shaba ikaanguka. Kwa mwanamuziki, habari hizo za kurasa za biashara zilikuwa na maana ya moja kwa moja: nyuzi za gitaa, taa za vikuza sauti na malighafi ya santuri vyote hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikwisha. Vita vya ukombozi vya Rhodesia vilileta amri za kutotoka nje usiku na kuzimwa kwa taa, hivyo bendi zilizozoea kupiga hadi usiku wa manane zikalazimika kufanya maonyesho mchana. Kisha zikaja kaseti, ambazo mtu yeyote aliweza kuzinakili bila kumlipa aliyeimba. Na baada ya hayo yote ukaja Ukimwi. Sipendi kuipita sehemu hii kwa haraka, kwa kuwa mara nyingi huwekwa kama maelezo ya pembeni wakati ndiyo kiini cha msiba wenyewe. Kizazi cha wanamuziki waliozaliwa miaka ya 1950 kilipukutika. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Wenzake Jagari wa kikosi cha awali cha WITCH, akina Chris Mbewe, Gedeon Mulenga, John Muma, Boidi Sinkala na Paul Mumba, wote wametangulia mbele ya haki. Jagari mwenyewe aliacha jukwaa, akafundisha muziki, na baadaye akaingia katika uchimbaji wa vito. Bendi inayokumbukwa huhitaji angalau watu wawili waliobaki wanaoweza kubishana kuhusu nani alitunga nini. Hapa aliachwa mmoja.

Kinyume chake ni Osibisa. Hao walikuwa Waghana na watu wa visiwa vya Karibi walioanzisha bendi London mwaka 1969, na mwaka 1976 wimbo wao wa "Sunshine Day" uliingia katika ishirini bora za Uingereza. Sisemi kwamba hawakustahili, walistahili kila walichopata. Nasema tu kwamba walikuwa kilomita chache kutoka kwenye kampuni, magazeti na viwanda vya kuchapa santuri, na WITCH hawakuwa.

Na sisi wa Tanzania hatuna ruhusa ya kuitazama habari hii kama ya jirani. Tulikuwa na bendi yetu ya namna hiyohiyo. Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikichanganya roki, soul na mapigo ya Kiafrika, katika jiji ambalo Novemba 1969 utawala wake ulikuwa umepiga marufuku muziki wa soul kwa kuuona ni uchafuzi wa maadili ya vijana. Ilirekodi katika studio za Radio Tanzania mwaka 1973. Lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Ulichapa Nairobi au hukuchapa, na mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika. Albamu pekee ya Sunburst, Ave Africa, haikutolewa Dar es Salaam wala Nairobi. Ilitolewa Zambia, mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilikusanya rekodi zao zote na kuzitoa upya, na Watanzania wengi waliozisikia walizisikia kwa mara ya kwanza wakati huo, miaka 40 baadaye, kutoka ng'ambo.

Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kufanya kazi relini alikuwa na santuri mbili za Kizambia ambazo jalada la mojawapo lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nailoni ukingoni, na jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya kichwa cha mpiga gitaa. Alizipiga Jumapili baada ya chakula. Hakuwahi kusema kwamba ni muziki uliopotea. Kwake ulikuwa muziki wa ujana wake, basi. Nalitaja hilo kwa sababu moja tu, kwamba neno "kugunduliwa" humfuta mtu kama huyo, na watu kama yeye walikuwa maelfu.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu zaidi, la kampuni za nje zinazotoa upya muziki huu. Wapo wanaoziita wanyang'anyi, na wapo wanaozisifu kama wakombozi. Ukweli ni kwamba bila Now-Again ya Los Angeles, iliyokusanya na kutoa albamu za WITCH mwaka 2012, pengine tusingekuwa na cha kujadili. Walimtafuta Jagari, walizisafisha sauti na waliandika majina ya wapigaji. Kutokana na kazi hiyo, na filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2019, Jagari alirudi jukwaani na wapigaji vijana wa Uholanzi pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa WITCH ya miaka ya 1980, na mwaka 2023 ikatoka Zango, iliyorekodiwa Lusaka katika studio ileile ya DB ya enzi zao. Hayo ni mema makubwa na siwezi kuyabeza. Ninachokataa ni hitimisho linalofuatia kwa wengi wetu, kwamba basi kazi imekwisha na haki imetendeka. Santuri za awali huuzwa kwa wakusanyaji kwa maelfu ya dola, na katika mauzo hayo familia ya aliyepiga haipati hata senti, kwani sheria inamlipa mtunzi kwa nakala mpya tu.

Na kuna jambo la kisheria ambalo sijaona likizungumzwa ipasavyo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unaweka kima cha chini cha ulinzi wa rekodi na uimbaji kuwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka wa kurekodi. Nchi nyingine zimeongeza muda huo, lakini palipobaki kima hicho cha chini, kilichorekodiwa mwaka 1973 kilikwisha kinga yake mwishoni mwa 2023, na kilichorekodiwa mwaka 1975 kilifuata mwishoni mwa 2025. Kwa maneno mengine, muziki huu umeanza kupendwa duniani katika miaka ileile ambayo ulinzi wa rekodi zake unaanza kuisha. Haki ya mtunzi ni ndefu zaidi, yaani maisha yake na angalau miaka 50 baada ya kifo chini ya Mkataba wa Berne, hivyo tungo za Paul Ngozi zinalindwa walau hadi mwisho wa 2039. Lakini haki hiyo humfaa mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali. Bendi nyingi ziliandika tungo kwa jina la bendi, au la kiongozi, au hazikuandika kabisa, na mpiga besi aliyebuni pigo ambalo sasa linachezwa dunia nzima hana karatasi hata moja.

Kwa hiyo thamani ya wimbo kama "Noid" kwa upande wetu haiko katika sifa tunazopata. Iko katika muda mfupi unaotupatia wa kuuliza maswali huku watu wakiwa tayari kusikiliza. Studio za Radio Tanzania zilirekodi bendi kwa miongo kadhaa kwa ajili ya matangazo, si kwa ajili ya kuuza, na kanda hizo zilirithiwa na TBC. Ndani yake mna jazi, rumba, kwaya, taarabu, na mna vijana wa magitaa ya umeme ambao leo hawana jina hata kwa wapenzi wa muziki wa dansi. Kunakili kanda kwenye kompyuta ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Nusu ya pili ni kwenda na kila kanda kwa waliobaki, ambao sasa wana miaka sabini na zaidi, kuipiga mbele yao na kuandika: nani solo, nani ridhimu, nani besi, nani alileta wimbo mazoezini na nani aliubadilisha. Kazi hiyo haihitaji kiwanda wala fedha za kigeni. Inahitaji daftari, kinasa sauti na nauli ya kwenda Morogoro, Tabora, Mwanza na Tanga, na inahitaji ifanywe na watu wanaoweza kumwamkia mzee shikamoo na kukaa naye mchana kutwa mpaka akumbuke.